Mtungi Ndani ya Buti la Pijo

Ziro wa Bofu aliuchukua mtungi wa gesi wa mke wake asubuhi ya harusi ya watu, akautia kwenye buti la gari lake, kisha mchana akasimama mbele ya wageni akasema mke wake hakujipanga. Kosa ni hilo. Yaliyobaki ni namna lilivyotendeka.

Mke mwenyewe ni Nyevu, Mama Kai, mpika chapati. Wanawake wa kanisa lake walipochukua kazi ya harusi, nyama alipewa huyu na wali yule, lakini chapati hakuzigusa mtu mwingine. Shule hakwenda, ila unga ulimtii. Wale watu wa bara waliohamia Likoni, ambao kwao harusi bila chapati ni mkutano tu wa watu waliovaa vizuri, walikuwa wakiuliza kwanza kama Nyevu ana nafasi, ndipo wamwendee mchungaji.

Ziro naye alikuwa na Pijo. Pijo 504 jeupe, la enzi ambazo yeye mwenyewe alikuwa bado anatambaa. Alilinunua kwa mzee mmoja wa Kisauni, akalipiga rangi, akalishonea viti, na tangu siku hiyo likawa mke mkubwa. Nyevu akiumwa kichwa aliambiwa anywe maji. Pijo likikohoa, fundi aliitwa hata siku ya Krismasi.

Gari lilibeba maarusi, na lilikuwa na kila fahari isipokuwa baridi. Kiyoyozi kilikuwepo, kitufe kilikuwepo, na ukikibonyeza kilikupulizia joto la injini pamoja na vumbi la marehemu aliyekuwa nalo kabla ya yule mzee wa Kisauni.

Ndipo akaja Mama Rosalia wa Changamwe, anayemwoza bintiye Lynnette kwa kijana wa Likoni. Chapati alimpa Nyevu, gari akampa Ziro.

"Ila Mzee Ziro, mwanangu hatakaa foleni ya feri na shela lake, poda ikimtiririka shingoni. Gari lina baridi?"

"Mama, mwambie abebe sweta," akajibu Ziro.

Baada ya ahadi hiyo ilibidi amtafute Odhiambo, fundi wa viyoyozi vya magari kule Changamwe. Odhiambo alitia upepo kwenye mabomba, akayapaka povu la sabuni, na povu likachemka kila mahali.

"Mzee, mipira imekauka, inavuja hapa na hapa na hapa. Tuibadilishe, na hiki kichupa cha kukausha pia. Tuoshe ndani, tutie oili mpya, tufyonze hewa yote, gesi ya baridi ije mwisho. Na ile ya zamani ya gari hili haiuzwi tena, nitabadilisha vichwa vya kujazia litumie ya siku hizi. Niachie wiki moja."

"Wiki? Harusi ni Jumamosi."

"Basi Jumamosi bibi harusi afungue dirisha."

Ziro aliondoka amenuna. Dawa aliipata kijiweni kwao Bofu, hapo Likoni, kwa jirani yake Masha, bingwa wa magari asiyewahi kumiliki hata baiskeli. Masha alimwambia magari ya zamani hayachagui. Litie gesi ya kupikia, utapata baridi ya mochari.

Jumamosi Nyevu aliamka, akakanda unga, akakata madonge, akaenda kuwasha jiko. Mpira wa jiko ulikuwa unaning'inia peke yake. Mtungi haupo. Alimlaani mwizi huyo hadi kizazi cha tatu, asijue kwamba analaani wajukuu zake.

Makaa yalikuwa yamelowa mvua ya usiku. Muuza gesi wa mtaa alikuwa amefunga duka, maana naye alikuwa kwenye kamati ya harusi hiyohiyo. Nyevu na wenzake walipuliza makaa mabichi hadi macho yakawa mekundu, zikapatikana chapati za meza ya maarusi tu. Madonge mengine yalilala chini ya kitambaa yakingoja moto.

Moto wenyewe ulikuwa unatembea mjini. Ziro angeweza kupita Dongo Kundu, barabara nyeupe inayoikwepa feri, isiyo na foleni, lakini nani angemwona kule? Alipita feri. Na kwa kuwa gari lilivuja kama ungo, aliliongezea gesi Changamwe, akaliongezea tena kwenye foleni, kando ya mtu anayevuta sigara. Hiyo ndiyo sababu mtungi haukurudi jikoni. Pijo lilikuwa linanyonya.

Lynnette aliposhuka kanisani Bofu, poda ilikuwa palepale ilipopakwa na vinyweleo vimemsimama mikononi. Baridi alipata, ukweli usemwe. Ila alinuka jiko.

"Kwani bibi harusi amejipikia?" shangazi mmoja akanong'ona.

"Si yeye," akajibu mwenzake. "Na waliopewa kupika hawajapika."

Buti likafunguliwa ili utolewe mkoba wa bibi harusi. Nyevu alikuwa amesimama hapo, unga mikononi. Akauona mtungi wake, na kile kipande cha kanga ya buluu alichoufunga shingoni mtungi huo ili usibadilishwe na wa mtu. Ziro akamwona anavyoona. Akashusha mfuniko wa buti taratibu, maana Pijo halibamizwi.

Wakati wa chakula wageni waliletewa mchuzi na mkate wa dukani. Mama Rosalia akasimama.

"Mama Kai, chapati ziko wapi?"

Nyevu alifungua kinywa, lakini Ziro alimtangulia, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma.

"Mama, tuwie radhi. Mke wangu hakujipanga. Nami nilimwonya mapema."

Nyevu akakifunga kinywa. Lynnette alikuwa ameketi karibu, shela kichwani, ndoa haijapoa. Utamwambiaje mtoto wa watu siku hiyo kwamba kaletwa kwa mumewe pamoja na mtungi wa gesi? Alijisemea, mume wangu ni mtu mzima, kesho atakwenda kusema mwenyewe.

Kesho ilifika.

"Baba Kai, utakwenda lini kwa Mama Rosalia?"

"Kufanya nini?"

"Kumwambia habari ya mtungi."

"Hayo yamepita, Mama Kai. Kwani bibi harusi hakupata baridi?"

Kwa Ziro yalipita. Kwa Nyevu hayakupita. Wanawake wa kanisa walimpa pole nyingi, na kazi ya chapati wakampa Emmaculate, ambaye chapati zake zinafaa kuziba pancha. Nyevu sasa humenya vitunguu, na kila harusi huulizwa kwa upole kama amejipanga.

Baridi ya Pijo nayo haikumaliza wiki. Ziro akarudi kwa Odhiambo, ambaye alinusa mara moja, akarudi nyuma, akawaambia watu wote wazime sigara.

"Mzee, ulimkalisha mtoto wa watu juu ya bomu, tena ukalifunga riboni."

Akaitoa gesi ile uwanjani mbali na watu, akafanya yote aliyoyasema siku ya kwanza, na akachukua wiki ileile. Pijo likarudi Bofu likitoa baridi ya halali. Ziro alilisimamisha mlangoni, akamfungulia mkewe.

"Panda, Mama Kai, uonje."

"Linakwenda Changamwe?"

"Changamwe kuna nini?"

"Kuna Mama Rosalia."

Ziro aliufunga mlango, taratibu kama kawaida.

Mtungi alikwisha kuurudisha, tena umejaa, na huo Nyevu hamdai. Anamdai maneno. Ziro wa Bofu bado hajasimama mbele ya Mama Rosalia na wanawake wa kanisa, kwa sauti ileile ya kufika viti vya nyuma, akasema: mtungi niliuchukua mimi. Gari analo, lina baridi, na njia ya kwenda Changamwe linaijua.