Uso Wangu Kwenye Kilio cha Kisimba

Nilisimama mbele ya televisheni kwenye kilio cha Kisimba, saa saba ya muchana, mikono nimeipanua kama muntu anayezuia mbuzi zisitoke, na nyuma ya mugongo wangu uso wangu mwenyewe ulikuwa mukubwa kama meza, mudomo wazi, matundu ya pua yote yanaonekana, halafu ukaanza kugeuka uso wa marehemu. Polepole. Pua kwanza. Chini ya turubai la shitingi watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani na hakuna aliyelia, hakuna aliyekohoa, na hicho njo kinanitesa mpaka leo, kwa sababu kilio cha hapa Kalemie kisicho na kelele nilikuwa sijakiona. Nina haya kuandika jambo hili. Lakini nikinyamaza watalieleza wengine, na nimekwisha kusikia namna wanavyolieleza.

Mimi ni Ngoy, fundi wa kuandika majina kwenye boti na kuchora kuta za maduka. Shule nilifika mwaka wa tatu wa primere, Kifaransa nakisikia kwa mbali tu kama redio ya jirani. Na mimi njo yule aliyetoka muzima katika boti lililozama ziwani likitoka Moba, tulipokuwa hatujafika Mpala. Kisimba, rafiki yangu, hakutoka. Tulishika bidoni moja tupu ya mafuta sisi wawili, toka asubuhi mpaka jua likawa juu ya kichwa, likaja wimbi moja nikafumba macho, nilipoyafungua nilikuwa nimeshika bidoni peke yangu. Hakuita. Maji yalikuwa yametulia pale alipokuwa, kama hapajawahi kuwa muntu. Niliieleza familia yake vile vile ninavyowaeleza, na mukubwa wake wa kuzaliwa naye, Papa Lwamba, akaniangalia sana.

"Mulikuwa wawili, bidoni ilikuwa moja," akasema, "na weye njo umekuja kutueleza."

Nikaaga, nikaenda.

Mwili haukuonekana. Miezi ilipopita, mujane wake, Mama Veronika, akataka kuondoa matanga, na kwa kuwa hakuna sanduku la kuzika, wakapatana kwamba sura ya Kisimba iwekwe mbele ya watu iombewe na kuagwa. Sura gani sasa? Ziwa lilipopanda liliingia katika nyumba yao kule Kataki, picha zote zikawa uji, na simu yake ilienda naye. Mama Veronika akaja kwangu, akakaa kwenye kizingiti.

"Papa Ngoy, weye ulikuwa unamuona kila siku. Unitengenezee uso wake. Mutoto wa mwisho ameniuliza jana baba alikuwa namna gani, nikakosa pa kuanzia."

Kama ningechukua ubao na rangi yangu ya mafuta, leo ningekuwa muntu kati ya watu. Lakini kuna Fiston, mwenye sekretaria karibu na soko, yule wa fotokopi na picha za karte za utambulisho, muntu muzima mwenye muke na watoto, usifikiri ni kijana wa kusamehewa. Alikuwa na tableti ya kuchorea, na kalamu yake isiyo na wino. Akaniambia, "Papa, rangi ya mafuta njo ya zamani. Hapa ukikosea unafuta, na ukimaliza tunaiweka kwenye televisheni, hata wa nyuma kabisa anamuona marehemu." Nikaona nitapata sifa. Nikakubali.

Siku ya kwanza, kabla sijachora hata nukta, akanifungulia ukurasa anaouita preferansi. Ni pale unapoieleza mashine tabia yako: mukono wako una uzito gani, kitu gani ikutunzie, kitu gani isahau. Visanduku vidogo vimepangwa toka juu mpaka chini, kila kimoja na maneno yake ya Kifaransa. Fiston akauliza, "Nikutilie alama wapi, Papa? Hii ya kutuliza mukono? Hii ya kidole? Hii ingine je?" Ndani kulikuwa mwalimu mumoja anangoja fotokopi zake, na mimi nikaona haya kuuliza maana ya neno mbele ya mwalimu, basi nikainamia ule ukurasa kama muntu anayesoma (hata midomo niliitikisa, Mungu anisamehe), halafu nikasema, "Tia zote."

"Papa ni fundi kweli," Fiston akasema, akacheka, akatia zote.

Kimoja cha vile visanduku kinaiambia mashine ikuangalie toka mustari wa kwanza mpaka wa mwisho, itengeneze filimu ya kazi yako yote. Mimi sikujua. Fiston anasoma. Yeye alijua.

Sasa hakuna muchoraji anayeanza uso kutoka hewani. Nikichora kwenye ubao natumia kioo, najiangalia mimi, halafu nageuza. Na Kisimba tulikuwa wa rika moja, paji moja la uso, kule bandarini watu walikuwa wananiita kwa jina lake nikiwa nimewapa mugongo. Basi nikajipiga picha na ile tableti (kutoka chini, sikujua inashikwaje, njo maana ya yale matundu ya pua), nikaanza kuchora juu yake. Siku tatu, katika chumba cha nyuma cha sekretaria. Nilipokwisha kuifunika ile picha na kijivu, Mama Veronika akawa anakuja, anakaa pembeni yangu, ananiongoza.

"Pua uipanue. Hapana, siyo hivyo, huyo bado ni muntu mwingine. Jicho moja lilikuwa dogo."

Na ile kalamu ilikuwa na mambo yake. Napeleka mukono, mustari unabaki nyuma, unangoja, halafu unafuata taratibu na kukunja kona vizuri kuliko nilivyokunja. Nikamuita Fiston, akasema ni kile kisanduku cha kutuliza mukono, nilikiomba mwenyewe. Sawa. Lakini siku ya pili Mama Veronika alikuwa amekwenda, nilikuwa kwenye lile jicho dogo na sikujua nilimalize namna gani, na nilipotaka kuinua kalamu mustari ukasogea kidogo bila mimi, ukafunga kope. Nikakaa bila kugusa kitu. Ilikuwa kope ya Kisimba. Najua ni kisanduku. Nawaambia najua. Lakini siku ile nilivuta kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

Siku ya tatu Mama Veronika akaangalia muda mrefu, akaweka kidole kwenye kioo cha tableti, na kidole kikaacha mustari wa rangi chini ya jicho kama chozi (kile cha kuchora na kidole nacho tulikitia). Nikafuta haraka. Akasema, "Njo yeye. Umemurudisha." Pale njo nilipaswa kumuambia ni uso wa nani uko chini. Sikumuambia. Alikuwa anatabasamu, na toka boti lizame sikuwa nimeona muntu wa nyumba ile akitabasamu mbele yangu. Hilo kosa ni langu, silipeleki kwa muntu.

Siku yenyewe ikafika. Mashine ilikuwa imeweka picha na filimu mahali pamoja, kwa jina moja, na Fiston akabeba vyote kwenye fulashi, akachomeka, akabonyeza. Televisheni ikachukua filimu badala ya picha. Ukatokea uso wangu. Mutoto wa Kisimba akasema, "Ni Papa Ngoy," na wamama wawili watatu wakacheka ndani ya vitenge. Nikaruka kwenda kuizima, nikajikwaa kwenye nyaya, nikavuta moja kwa nguvu zangu zote, na ilikuwa ya mikro ya waimbaji. Wimbo ukakatika. Televisheni ikabaki. Basi nikasimama mbele yake na mikono yangu, na watu wakaniona mara mbili.

Filimu inabana siku tatu katika muda wa fungu moja la rozari. Uso ukaingia kijivu, pua ikapanuka, jicho likafunga, chozi likatokea likapotea. Halafu Kisimba akawa pale muzima, anatuangalia, Mama Veronika akaanza kulia na watu wakashusha pumzi, nami nikadhani yameisha. Filimu ikafika mwisho, ikarudi mwanzo yenyewe. Kisimba akatoweka mara moja, na mahali pake nikawa mimi, mudomo wazi.

Papa Lwamba akasimama. Hakupandisha sauti.

"Sasa tumeona namna ilivyokuwa ndani ya maji."

"Ni mashine, Papa Lwamba," nikasema. "Ni kisanduku tu. Fiston, waeleze."

Watu wote wakamugeukia. Alikuwa na telekomande ya televisheni mukononi. Akamuangalia Papa Lwamba, akawaangalia wanaume waliokuwa wameanza kusogeza viti.

"Miye nimeleta televisheni," akasema. "Kuchora ni yeye."

Akazima, akakunja waya wake, akaenda.

Hawakunipiga. Walinifungulia njia, pana, wamama wakivuta vitenge visiniguse. Mama Veronika alinifuata mpaka barabarani, akauliza neno moja tu: "Ulimuweka juu yako, ao weye ulijiweka chini yake?" Nimelifikiria hilo swali, sijajua hata tofauti yake.

Toka siku ile nikipanda boti la Moba wanaume wanakumbuka kitu walichosahau nyumbani, mumoja baada ya mwingine, bila matusi, wanashuka. Wenye boti hawataki mukono wangu kwenye majina yao. Watoto wa Kisimba wakiniona wanavuka barabara. Sokoni wanasema nilimuuza baba yao kwa uchawi ili mimi nitoke muzima. Papa Lwamba anasema hajamushitaki muntu, amesema tu alichokiona. Fiston nimemufuata mara ine, ananiambia, "Papa, mambo yatapoa."

Sitatia tena alama mahali ambapo sijasomewa, hata mbele ya mwalimu, hata mbele ya askofu. Hiyo ni sehemu ya kwangu. Ya kwako, Fiston, ni hii: uje na ile tableti katika kiwanja cha Mama Veronika, muchana, watoto wote wakiwepo. Fungua ule ukurasa. Weka kidole kwenye kile kisanduku, ukisome kwa Kifaransa, ukisome kwa Kiswahili, useme ni mukono wa nani ulitia alama. Nawe Papa Lwamba uwepo, na akimaliza, uwaeleze wale watoto kama baba yao aliuzwa ao alikufa maji.

Sitaki pole. Nataka munitajie siku.