Nilifunua Turubai Nikidhani Wifi Ametuuza

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Jina langu lifichwe, maana hapa Kondoa tunajuana wote.

Jamani, mimi ni mtu wa shaka. Hata chumvi ya dukani naionja kabla sijaondoka.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyewaleta wataalamu kwenye kikundi chetu cha akina mama. Kila mwaka fukusi walikuwa wanatumalizia mahindi. Akatueleza kwamba magunia yatapelekwa Dodoma kupigwa mionzi, yakirudi yatafunikwa turubai ghalani na kufukizwa dawa.

"Mionzi inawakata uzazi, gesi inawamalizia," alisema. "Ndiyo maana dawa itatumika kidogo. Ila msifunue mpaka niwaambie. Gesi ile inaua hata mtu."

Mionzi! Nikajisemea, hapa kuna jambo. Kwa nini mahindi yetu yasafiri mpaka Dodoma? Nikachana kanga kuukuu, nikaficha kipande ndani ya kila gunia langu, nione kama watayabadilisha.

Vipande vilirudi vyote. Unadhani nilitulia? Thubutu! Nikasema wamebadilisha mahindi, wakarudisha vitambaa.

Kesho yake baada ya kufukizwa, wifi akiwa msibani, nikaingia ghalani nikafunua turubai. Harufu kama ya kitunguu saumu ikanipiga, kichwa kikazunguka. Lakini macho yalikuwa kwenye gunia. Fukusi wanatembea! Wazima! Nikatoka nje natapika huku napiga kelele, "Tumeibiwa! Njooni muone!"

"Na wifi yako je?" mwenzetu mmoja akauliza.

"Wifi ndiye nani? Huyo kala njama na watu wa mjini!"

Yarabi, mdomo huu! Akina mama wakavamia ghala, kila mmoja akaburuta magunia yake. Mungu tu ndiye aliyetunusuru na ile gesi.

Wifi akaja mbio, mtandio umemdondoka. "Wale hawazai tena! Mngewaachia gesi siku chache tu!" Hakuna aliyemsikiliza. Wataalamu wakamfukizia magunia yake upya, kisha wakahamia kijiji kingine, na kazi ya kusimamia ghala waliyomwahidi ikafa hapo hapo.

Mimi nikamwaga mahindi yangu kihengeni, juu ya masalia ya mwaka jana. Kumbe humo mlikuwa na fukusi wengine, wasiojua mionzi wala gesi! Wakazaana, wakapanda hadi kwenye mahindi mapya. Ramadhani inafika, kihenge kimebaki vumbi na punje zenye matundu. Wanangu wakawa wanafuturu chai kavu.

Juzi wifi alikuja na gunia la mahindi yake. Sikuwa na uso wa kumtazama. Akalitua mlangoni, akalifungua.

"Watoto wa kaka yangu hawana kosa," alisema. "Kagua kwanza, wifi."

Nikataka kumwomba msamaha. Akageuka akaondoka.

Ndugu zangu, kitu usichokielewa uliza, tena uliza mpaka uchoke. Usikimbilie kumwita mtu mwizi mbele ya kadamnasi kama nilivyofanya mimi. Shaka ukiizoea haikuachii hata ukiwa unalia.

Maana siku ile, machozi yananitoka, nilitumbukiza mkono ndani ya lile gunia nikaanza kutafuta fukusi. Nilipoinua macho, wifi alikuwa amesimama njiani, ananitazama.