Siku Baba Alipooga Amesimama

Juzi nilimkuta binti yangu ameloweka kichwa cha shawa kwenye siki, nikamkumbuka mama. Nilipokuwa mdogo tulikaa Karatu, na baba alikuwa ametoka hospitali na mgongo usiomruhusu kuinamia ndoo. Shawa yetu ilikuwa imeziba kwa chokaa inayoachwa na maji. Mama aliiloweka kwenye maji ya ndimu mpaka jiko zima likanukia, kisha akazibua tundu moja moja kwa sindano.

Baba akaingia kuoga. Maji ya moto yakavuma kama mvua, halafu nikamsikia analia.

“Mama, yanamchoma!” Nikakimbilia maji baridi.

“Mwache baba yako,” mama akanizuia.

Alipotoka nikamuuliza kama ameungua.

“Hapana, mwanangu. Yalikuwa mazuri sana.”

Sikujua bado kwamba mtu mzima hulia kwa raha. Nilimpulizia mgongo mpaka akacheka.