Wa Tatu Hakuzaliwa Naguru

Mimi sikai mahali pamoja, unanijua. Juzi miguu ilinirudisha Kampala, nikapanda Naguru kutafuta zile nyumba za polisi tulizokulia. Hazipo. Nikashuka mtaa wa Kabalagala kula, na redioni walikuwa wakijadili kwa nini wanawake duniani kote wanazaa watoto wachache: karo, kodi ya nyumba, kazi, vidonge. Yote kweli. Ila hakuna aliyetaja sababu ya mama yangu.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa jeshi. Baba alikuwa polisi, nasi tulikuwa wawili, dada yangu na mimi. Uani kulinuka maharage na moshi wa mkaa, na watoto hawakuisha kelele. Mke wa sajini peke yake, jirani yetu, alikuwa na wanne. Bibi mzaa baba akaja kutoka Arua na nusu kibuyu kikubwa, kile ambacho wanawake wa kwao humfunikia mtoto mgongoni asichomwe na jua. Mama alikipokea akipiga magoti, kisha akakitia unga.

Bibi alikasirika. Yeye Mlugbara, mama Mteso, basi waligombana kwa Kiswahili cha kambini.

"Wewe muke ya mutoto yangu, tumbo yako inalala?"

"Hapana lala, mama. Mimi niko na mikono mbili tu. Siku ya kukimbia, wa tatu nitashika na meno?"

"Kila mutoto anakuja na riziki yake!"

"Anakuja na riziki. Hapana kuja na miguu."

Mke wa sajini aliacha kufua, akacheka. "Kubali, dada, ama huyu muzee atabeba wewe ndani ya kibuyu!"

Bibi naye aliyacheka mazoezi yetu. Mama akigonga kifuniko cha sufuria, tuliacha mchezo, kila mmoja akashika mkono mmoja wa mama, mbio hadi migombani bondeni.

Alasiri moja kifuniko kiligongwa, na hayakuwa mazoezi. Gari lisilo na namba, kama yale yaliyochukua watu wasirudi, lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya sajini. Uwanja mzima ulinyamaza, nikasikia maharage tu yakitokota. Tukakimbia. Bibi, kwa magoti yake mabovu, alibaki. Kule migombani mama alituziba midomo kwa viganja, na moyo wake ulikuwa ukidunda sikioni mwangu.

Sajini hakuwepo siku hiyo. Gari lilipoondoka tulirudi, tukamkuta Bibi mkekani, titi lake kavu kinywani mwa kichanga cha jirani. Mke wa sajini alikuwa amewakwapua watatu waliokuwa uani, mmoja mgongoni na wawili mikononi. Kichanga kilikuwa kimelala ndani. Bibi alijikokota akakichukua, na watu wa lile gari walipouliza ni cha nani, alisema, "Mujukuu yangu."

Jirani alirudi akampokea mwanawe. Mzaha wake hatukuusikia tena. Bibi naye hakuuliza tena habari za tumbo. Waliomuuliza huko Arua aliwaambia nyumba ya mwanawe imejaa.

Utulivu ulipokuja, umri wa mama wa kuzaa ulikuwa umepita. Sasa Bibi hayupo, na pale Naguru hata kelele za watoto sikuzisikia. Nilipopita Soroti kumwona mama, nilimuuliza kama aliwahi kumtaka yule wa tatu. Alinitajia jina la msichana ambalo kwetu halina mwenyewe, upesi, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.