Kata Moja, Seva Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja na nusu asubuhi nimevaa shati la shule, maana ndilo pekee lililokuwa na kola nzima. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, enzi hizo, yaani likizo iliyopita, kazi ilikuwa kazi. Nilitumikia wiki tatu kamili katika ofisi ya intaneti mjini Moshi, nikastaafu nikiwa na miaka kumi na sita, mgongo bado mzima.

Aliyenipokea alikuwa Fundi Mkuu, ambaye pia ni dada wa baba yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Shangazi yako nimemwacha nyumbani. Hapa niite Fundi Mkuu."

Fundi mdogo hakuwepo. Nikajua cheo changu.

Kabati la chuma lilikuwa na seva tatu, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Ile kongwe ilitunza majina na maneno ya siri ya wateja, ya pili barua pepe, na ya tatu, mpya inayong'aa, kurasa za tovuti. Kila moja ilikuwa na skrini, kibodi na kipanya chake, na skrini za wakati huo zilikuwa na makalio kama debe. Zilijaza chumba. Kwa hiyo Fundi Mkuu alifanya kazi amesimama, mwaka wa pili sasa, na jioni alitembea kama mtalii aliyeteremka mlimani leo hii.

Dawa ilikuwa kisanduku kilicholetwa kwa majaribio. Nyaya za seva zote zinaingia nyuma. Mbele kuna swichi ya kuzungusha yenye A, B na C, na skrini moja, kibodi moja na kipanya kimoja vinazihudumia zote kwa zamu. Ijumaa Mkurugenzi angekuja kukiona. Kikifanya kazi, skrini mbili zinaondoka na Fundi Mkuu anapata meza na kiti. Kikishindwa kinarudi dukani, naye anaendelea kusimama.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa ufagio. Cha pili kilikuwa nyuma ya kabati, nikichomeka nyaya: zambarau kibodi, kijani kipanya, buluu skrini. Seva mpya niliipa herufi A kwa sababu ilikuwa nzuri. Kongwe ikaangukia C.

Ijumaa Mkurugenzi, mzee wa Sanya Juu asiyevua sweta, akaja. Nikazungusha A, B, C, nikarudi A. Akaguna kwa kuridhika. Ndipo umeme ukakatika.

Betri ya akiba ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Umeme uliporudi, seva zote zikawaka kwa mpigo. Mpya ikaamka, ikabaki inasubiri majina kutoka kwa kongwe. Nyingine mbili zikaanza kulia pii, pii.

"Zinalia nini?"

"Zinasema hazioni kibodi, mzee," nilijibu. " Tubonyeze kitufe ziendelee."

"Kitufe cha kibodi hiyohiyo zisiyoiona?"

"Ndiyo mzee."

"Fundi, rudisha hiki kidude."

Fundi Mkuu alijisugua goti. Lile goti ndilo lililonipeleka kwa mawazo hadi kijijini Kilema, kwa babu, ambako kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi, huzunguka wazee kumi. Anaanza mkubwa, na hakuna anayenyoosha mkono kabla ya zamu yake.

"Mzee, naomba tuzime zote. Kibodi ni kama kata, iko moja. Umeme umewaamsha wote pamoja, wanaigombania."

Mkurugenzi akanitazama. "Na ulianza kumpa nani?"

"Huyu mpya."

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa kaka yangu," alisema Fundi Mkuu. Ndiyo mara ya kwanza kunikubali ofisini.

"Basi anza na mkubwa."

Nikazima zote, nikazungusha hadi C, nikawasha kongwe peke yake, tukasubiri hadi ilipotulia. Kisha B. Kisha A. Hakuna iliyolia.

"Utaratibu huo uandikwe, ubandikwe ukutani," alisema Mkurugenzi akielekea mlangoni. "Na kiti kiwe na mgongo."

Sasa nimestaafu, nasumbuliwa na aljebra tu. Nikiulizwa na vijana, nasema: kabla hujagusa swichi, uliza nani mkubwa. Jumamosi nilipita kusalimia. Fundi Mkuu alikuwa amekaa, viatu kavua.

"Shikamoo Fundi Mkuu."

"Marahaba. Umeshastaafu, niite shangazi."

Akainuka, akanipisha kitini. Nilikaa kama dakika moja, nikazungusha swichi mara mbili. Kisha akanyoosha mkono, nami nikampisha. Ilikuwa zamu yake.