Bodi Nilizozivika Pazia

Naomba nikianza hii hadithi mtu asinikatize na kicheko kabla sijafika mwisho, maana aibu yenyewe bado mbichi, na hadi leo nikipita Kebirigo kuna mama mmoja wa ndizi pale sokoni ambaye akiniona tu anaacha wateja wake, anajifunika uso kwa leso, halafu mabega yanaanza kutikisika. Nanunua ndizi zake naenda zangu.

Mnajua kazi yangu ni ya ziwani. Kule Homa Bay nafundisha watu kusimama juu ya bodi ndefu wakipiga kasia, wima kabisa, katikati ya maji (ndiyo, wanakuja kwa hiari yao, na wengine wanarudi). Kwa Mkisii aliyekulia kwenye chai na migomba, hiyo si kazi, ni utoro, na hivyo ndivyo alivyoiona Mzee Omwenga, baba yake Kerubo. Kerubo ndiye niliyetaka kumwoa. Yeye alikuwa ameshakubali zamani, aliyebaki ni baba, na baba ni mkulima wa chai, mzee wa kanisa, Msabato asiyepindapinda, mtu wa kusema maneno machache halafu yanakaa hapo kama jiwe. Alikuwa amemwambia binti yake, "Mwanamume anayecheza majini, mimi sijui nimweke wapi." Kerubo akaniletea maneno hayo yote, bila kupunguza hata moja.

Basi nikaalikwa. Nije Ijumaa, nifike kabla ya jua kuzama, nishinde Sabato nao, Jumamosi twende kanisani watu wanitazame, kisha mzee atoe neno lake. Kwa Wasabato jua la Ijumaa likishazama hakuna kazi tena wala safari za kuzunguka, kwa hivyo kuchelewa ingekuwa sawa na kutofika, na kutofika ingekuwa sawa na kumpoteza Kerubo. Kerubo mwenyewe angetoka Kisumu anakofanya kazi, tukutane huko huko kwao.

Sasa Ijumaa hiyo hiyo ndiyo bodi mbili nilizoagiza zikafika Kisii mjini. Nikazichukua, nikazipandisha juu ya gari langu, lile dogo la umeme ambalo wakati huo nilikuwa nalo wiki chache tu na nilikuwa nalisifu hata kwa watu wasioniuliza, nikapitia Keumbu kwa dada yangu Moraa ninywe chai. Moraa alizitazama zile bodi, akanitazama na mimi.

"Ziache hapa," akasema. "Jumapili ukirudi utazipitia. Unaenda ukweni, huendi mashindano."

Ningemsikia tu! Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshapanga: mzee ataziona, atazigusa, atauliza maswali, nitamweleza, na ataelewa kwamba hii ni kazi yenye vifaa, kama kazi nyingine yoyote. Nikamwambia Moraa bodi zinaenda.

"Basi zifunike, zisiungue na jua," akasema, na hapo alikuwa na haki, hata aliyeniuzia alinionya kuhusu jua. Akaingia ndani akatoka na pazia la sebule yake, jeupe, lile la lesi, refu. Tukalalisha bodi moja juu ya nyingine, tukazizungushia pazia, tukafunga kamba mbele, katikati na nyuma, na Moraa ana mkono wa kufunga vitu, pazia likakaa bila kunyanzi. Kwa kuwa zilikuwa zimetokeza nyuma ya gari, nikatafuta kitambaa chekundu nikakifunga mkiani ili dereva wa nyuma asije akanivamia. Nikasimama pembeni nikaangalia kazi yetu. Niliridhika sana.

Ninyi mnaonisikiliza mmeshaona, si ndiyo? Kitu kirefu juu ya gari, kimevikwa cheupe, kitambaa chekundu nyuma, na ni Ijumaa, siku ambayo barabara zetu zote zina watu waliotoka kuchukua mpendwa wao mochari. Mimi sikuona. Moraa naye hakuona, na huyo ni mtu ambaye hakosi matanga.

Nikaondoka, nikakata njia za ndani kuelekea Nyamira. Gari la umeme likipanda mlima linakunywa chaji, na kwetu usipopanda unashuka ili upande tena, halafu zile bodi juu zilikuwa zinashika upepo, nikaona kile kipimo kinateremka hadi nikaanza kuomba. Nikazima redio. Nikazima kila kitu cha kuzimwa. Nikaenda polepole, taa za tahadhari zikiwaka na kuzima, ili wenye haraka wanipite, na gari lenyewe mnajua halina mlio, linateleza tu kimya.

Watu wakaanza kusimama kando ya barabara. Wazee wanavua kofia, akina mama waliotoka kuchuma chai wanashusha vikapu chini na kunyamaza, watoto wa shule wanaambiwa waache kukimbia. Nikajiambia, ona, watu wetu wameanza kuheshimu teknolojia. Nikateremsha kioo, nikatoa mkono, nikawa nawapungia. Natabasamu! (Nimeambiwa baadaye kwamba hili ndilo lililozungumzwa zaidi, kwamba kijana alikuwa anacheka njia nzima.) Mzee mmoja alinikazia macho kwa hasira nikasema huyo ni wivu tu. Mwingine nilimsikia akimwambia mwenzake, "Lakini marehemu alikuwa mrefu kweli," na hata hiyo, jamani, nilidhani wanazungumzia mtu wao.

Halafu zikaja bodaboda. Kwanza moja ikawa nyuma yangu, haitaki kunipita, halafu nyingine, halafu nikaacha kuhesabu, na zote zimewasha taa. Wakasimama mahali wakakata matawi, wakayachomeka mbele ya pikipiki, na mimi nikiwaangalia kwenye kioo nikafikiri ni mambo ya mazingira, si gari la umeme halitoi moshi, basi vijana wanaonyesha kijani. Nilifurahi hadi nikapiga honi kidogo. Nyuma yao ikaingia pikapu ya kubeba majani chai, imejaa akina mama, nao wameanza kuimba wimbo wa kanisa, taratibu. Nikasema kweli wakwe zangu wanatoka mahali pa watu wakarimu.

Pale Kebirigo sokoni mzee mmoja mwenye tai akaingia barabarani akanisimamisha kwa mkono. Akainama dirishani.

"Pole sana, kijana."

"Asante, mzee. Ni hivi vilima."

Akaniangalia kwa huruma. "Unaelekea kwa nani?"

"Kwa Mzee Omwenga."

"Omwenga wetu wa kanisa?"

"Huyo huyo. Ananingojea."

Akashika mdomo. Kisha akauliza, "Na mtawahi kabla ya jua kuzama?"

"Nikienda hivi hivi polepole nitawahi."

Akanyoosha mkono akaugusa ule mzigo, akafumba macho, midomo ikicheza. Nikaona kumbe hata wazee wanapenda bodi. Nilipoondoka nilimwona kwenye kioo ameshatoa simu.

Kutoka sokoni hadi kwa Mzee Omwenga si mbali. Kabla sijafika langoni nikasikia vilio. Si kilio cha mtu mmoja, ni boma zima, na lango liko wazi, watu wanatoka shambani mbio, wanawake wamejitupa kwenye nyasi, na katikati yao mama mmoja ameshika kichwa kwa mikono miwili anaita, "Kerubo, yaye, Kerubo mwanangu."

Hapo ndugu zangu sikufikiria bodi, sikufikiria pazia. Kerubo alikuwa njiani kutoka Kisumu. Tangu mchana nilikuwa nikimpigia simu na haikuwa ikiingia, na nilikuwa nimejiambia ni chaji. Nikaelewa kitu kimoja tu. Nikafungua mlango, nikakaa chini pale pale kando ya gurudumu, nikalia. Sikulia kiume. Nililia nikigaagaa, na nimeambiwa nilisema maneno mengi, kwamba mbona hakungoja nimfuate Kisumu nimlete mwenyewe, kwamba Mungu achukue gari, achukue na ziwa, anirudishie huyu mmoja. Kuna msichana wa jirani aliyashika yote kichwani na huyakariri kwenye sherehe mpaka leo.

Yule mama, ndiye Mama Kerubo, aliponiona akawaacha wanawake wenzake akanijia. Sasa kwetu kuna heshima ya ukwe tunayoiita chinsoni: mama mkwe na mkwewe hawashikani hata mkono, wakikutana njiani kila mmoja anatafuta upande wake. Huyu akapiga magoti kwenye nyasi akakikumbatia kichwa changu kifuani kwake, na tukalia pamoja, jina moja, sauti moja, yeye akidhani mimi ndiye niliyemleta, na mimi nikidhani yeye ndiye aliyepata habari. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nani anauliza maswali kwenye msiba? Vijana wa bodaboda wamevua helmeti wamesimama mstari, na mmoja wao analia machozi ya kweli, na hatujuani.

Mzee Omwenga hakulia. Alikuwa amesimama kando ya gari, kiganja chake juu ya lile pazia, ametulia mno. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani, "Nifungulieni nimwone mtoto wangu."

Wakafungua kamba za Moraa moja moja, kwa adabu. Pazia likashuka. Zikaonekana bodi mbili za rangi ya bluu, zimechorwa samaki anayecheka.

Boma likanyamaza. Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao. Yule kijana aliyekuwa akilia akafuta pua akaniuliza, "Buda, hii ni nini?" Nami hata wakati huo sikuwa nimeelewa, nilikuwa nashangaa mbona watu wameacha kulia na Kerubo bado amekufa.

Nyuma ya umati pikipiki ikazima, na mtu akawa anasukuma watu apite, ana mfuko wa mikate mkononi, anauliza kwa hofu, "Nani amekufa? Jamani, ni nani amekufa?" Kila aliyemgeukia alirudi nyuma. Alipotokea mbele akatukuta mimi na mama yake tumeshikana kando ya gari, akaangalia bodi, akaangalia pazia na kitambaa chekundu, akaangalia matawi ya msiba kwenye pikipiki. Kerubo ni mwepesi wa kuelewa kuliko mimi.

"Ombati," akasema, "umefanya nini?"

Simu yake ilikuwa imezima tangu njiani, kwa hivyo yule mzee mwenye tai alipowapigia wazazi wake kwamba kijana anawaletea maiti, walimtafuta wakamkosa, wakajua ni yeye. Ndiyo hiyo tu. Mama yake akamrukia, akamchapa kwa leso mgongoni kwanza, halafu akamshika kama atamvunja, halafu akakumbuka alikuwa amemshika nani muda mfupi uliopita, akapiga ukelele mdogo akakimbilia jikoni. Hajanitazama usoni sawasawa tangu siku hiyo. Wale mama wa pikapu wakaanza wimbo mwingine, huu wa shukrani, yule mzee mwenye tai akafika akihema akaomba maombi mafupi kwa sababu jua lilikuwa limeshashika kilima, na chakula chote kilichopikwa kwa ajili yangu kikaliwa na watu wa matanga yasiyokuwepo. Nilipata matoke ya chini ya sufuria. Nilikula nimeinamisha kichwa, nikihesabu kwamba ndoa imekwisha.

Mzee Omwenga akaniita kando, kwenye mstari wa kwanza wa chai yake. Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba msamaha, ndefu, yenye mistari ya Biblia. Akainua mkono.

"Zile ndizo unazofanyia kazi?"

"Ndizo, mzee."

"Haya." Akachuma jani, akalizungusha kwenye vidole. "Niliposimama pale nilitaka kulia nikashindwa. Nikasikia mtu anamlilia mtoto wangu vile nilivyotaka kumlilia mimi. Nikageuka, ni wewe."

Akalitupa lile jani.

"Kesho kanisani utakaa na wanangu," akasema. "Ukanawe uso, una nyasi."

Kesho yake nilikaa na wanawe, na kanisa zima lilipopanga mstari kusalimiana kila mtu alinipa mkono akaniambia pole huku akiuma midomo. Tulioana. Moraa alidai pazia lake, sikuwa na ujasiri wa kumrudishia, nikamnunulia lingine la maua. Siku hizi bodi nazibeba zikiwa uchi, samaki wote nje, na hata kuwe na jua la namna gani simfuniki mtu. Na somo nililopata nawapa bure: ukikuta watu wanalia, uliza kwanza nani amekufa, usijitupe chini kama mpumbavu. Ila ningeuliza siku ile, sijui kama leo ningekuwa na mke.