Tamine: neno nililookota kwenye kopo la mafuta likaingia kwenye mémoire ya mdogo wangu

Wakuu, shikamooni wakubwa, na nyie wengine hamjambo. Naandika nikiwa soko la samaki hapa Uvira, beseni la ndagala liko mbele yangu na wateja hawajafika. Nitakayosema ni kweli yote. Uongo nilishausema zamani, na ndio huo uliotuletea matatizo.

Mnijue kwanza kidogo.

Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Baba alitangulia, Mama akafuata, nami nilikuwa nimeanza tu sekondari. Shule niliiacha hapo hapo, vitabu nikafungia karanga. Kitinda mimba wetu, Amani, alikuwa hajamaliza kuota meno.

Mtoto wa umri ule akilia anamtaka mama yake. Mimi nilikuwa mtu wa kubembelezwa, siyo wa kubembeleza. Ila kulikuwa na wimbo mmoja wa Mama niliokuwa naukumbuka.

Niseme vizuri: sauti ya wimbo niliikumbuka. Maneno nilikuwa nayo kama matatu.

Palipobaki wazi nilijaza. Nani angenikosoa? Wasikilizaji wangu mmoja alikuwa na kamasi, wawili wana njaa.

Neno lililorudi mara nyingi kwenye wimbo lilikuwa Tamine. "Tamine, tamine, ulale." Wadogo zangu wote watatu wamelalia Tamine, wamekua na Tamine, na ukiwauliza Mama aliwaachia nini watakwambia: ule wimbo. Kwa sababu kitu kingine hatukuwa nacho.

Turuke miaka mingi. Amani akafika chuo, hapa hapa Uvira. Akatakiwa kuandika mémoire, ile kazi ndefu ya mwisho kabla ya diploma. Akachagua nyimbo za kubembelezea watoto katika bonde la Ruzizi. Sura nzima akaijenga juu ya wimbo wa Mama. Alikuja na simu, akaniambia niimbe, nikaimba nimefumba macho kama msanii mkubwa.

Wakuu, mdogo wangu ni msomi. Chini ya ukurasa akaandika kuhusu Tamine: "Neno la kale. Pengine jina la bibi wa ukoo, au la roho ya mto."

Roho ya mto!

Wiki chache kabla ya siku ya kutetea kazi yake, akaja sokoni uso umemshuka. Mimi huniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, Tamine ni nani?"

"Ni mutu wa zamani."

"Wa zamani ya wapi? Directeur wa mémoire yangu ameuliza wazee wa kwetu Luvungi, hakuna mwenye anamujua."

"Wazee banasahau."

"Yaya."

"Nini?"

"Niangalie."

Nikaangalia ndagala. Samaki wadogo wale wana macho makubwa sana, sijui kama mmewahi kuona.

Ikabidi niseme. Nyumbani tulikuwa na kopo kubwa la mafuta ya kula, lile la msaada, ndilo lilikuwa kiti changu. Juu yake paliandikwa kwa Kifaransa kwamba mafuta yana vitamini: "vitaminée". Kutu ilikuwa imekula herufi mbili za mwanzo. Nikiwa nimembeba Amani mgongoni, natafuta neno la kujazia wimbo, macho yangu yakaangukia pale.

Amani alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Directeur amesema nikikosa ushahidi mwingine wa ile wimbo, niondoe sura yote," akasema. Halafu polepole: "Sasa ya Mama haiko. Yote ni ya kopo."

Hilo liliniumiza kuliko hiyo sura. Yeye ndiye pekee kati yetu asiyekumbuka sauti ya Mama hata kidogo.

"Iko," nikamwambia. "Minye nitaitafuta."

Akaniambia kuna archives za kwenye mtandao. Watafiti walipita kwetu zamani na kaseti zao, na siku hizi kaseti hizo zinawekwa kwenye kompyuta, mtu yeyote anasikiliza. Yeye alikuwa ameshatafuta na kuchoka. Akaniwekea ukurasa kwenye simu yangu, akaenda darasani.

Sasa mimi neno archives nalijua. Ni kile chumba cha nyuma ofisini, kina panya, na mzee mwenye ufunguo anayekwambia urudi Jumatatu. Mzee kama huyo humwendei kienyeji. Unasalimia, unajieleza, ndipo unaomba.

Nikaona kidirisha cha kuandikia. Nikaandika:

"Bonjour. Habari za kazi. Mimi ni mtoto wa marehemu wa Luvungi. Naomba mnisaidie wimbo wa mama yangu. Mungu awabariki."

Jibu: hakuna kilichopatikana.

Nikajua wamekasirika kwa kuwa nimeandika Kiswahili. Nikarudia kwa Kifaransa changu cha kuacha shule, nikaongeza "s'il vous plaît" mbili. Hakuna. Nikaongeza "Excellence". Hakuna.

Amani aliporudi akakuta nimewaandikia barua sita. Mwanaume alikaa chini kwenye mchanga kwa kucheka.

"Yaya, ile haiko mutu! Weka neno moja tu!"

"Bila kusalimia?"

"Bila kusalimia."

Nikaweka Luvungi peke yake. Wakuu, nilifunguliwa ghala. Kulikuwa na ramani ya bonde iliyochorwa kwa mkono, Ruzizi imepinda kama utumbo. Barua za mapadri wakilalamika kuhusu mbu. Daftari la mvua, mtu ameandika kila siku imenyesha kiasi gani, miaka na miaka, hata siku ambazo haikunyesha kitu. Ripoti za pamba. Picha ya watu wamesimama mbele ya kanisa, hakuna hata mmoja anayecheka. Jani la mti kutoka Bijombo limekaushwa, limebandikwa kwenye karatasi, na chini yake jina refu kuliko tawi lenyewe.

Nikapotelea humo siku nne. Nilikuta hata mchoro wa ndagala! Mtu alikaa akamchora ndagala mmoja, mapezi yote, na jina la Kilatini juu. Nimeuza samaki huyu nusu ya maisha yangu bila kujua ana jina la kanisani. Kesho yake nikamwita mteja kwa hilo jina. Akaniuliza kama ni aina mpya na kama inaharisha.

Lakini wimbo hapana. Siku zilikuwa zinaisha, na Amani alishaanza kufuta kurasa.

Kilichotuokoa ni aibu ya utotoni.

Baba alikuwa Mfuliiru, Mama aliongea Kirundi. Ulimi wa Mama haukuijua L. Kwake Luvungi ilikuwa Ruvungi, lala ilikuwa rara. Sisi watoto tulimcheka mno. "Mama, sema LU!" Naye anajitahidi: "Ru." Tunaanguka chini. Mwisho alipunguza kuongea mbele ya wenzetu, na nyimbo zake za Kirundi akawa anaziimba shambani tu. Ndiyo maana nilibaki na maneno matatu. Mengine niliyafukuza mwenyewe.

Siku hiyo sokoni, mama muuza samaki wa mukeke wa meza ya jirani, naye Mrundi, akamwambia mteja kwamba ametoka Ruvungi. Mteja akamcheka. Mimi nikaweka beseni chini, nikachukua simu.

Nikaandika kwenye kidirisha kama Mama alivyotamka. Ruvungi.

Kaseti ikatokea moja, aliyeirekodi aliandika jina kama alivyolisikia. Maelezo yake kwa Kifaransa: wanawake katika shamba la mpunga, wimbo wa kufukuza ndege. Na mwishoni: "bruit d'enfant". Yaani kelele za mtoto.

Nilimwita Amani. Tulisikiliza pale pale sokoni, simu katikati ya vichwa vyetu.

Sauti ilikuwa ile ile. Lakini, wakuu, haikuwa ya kubembeleza mtoto! Mama wa mukeke akatutafsiria Kirundi chake: "Ndege, ya jana mlikula, ya leo waachieni watoto." Na mahali pangu pa Tamine hapakuwa na neno lolote, ni ukelele tu wa kutisha ndege. Haa! Haa! Mama alikuwa anafukuza ndege, sisi mgongoni tunalala kwa jua na uchovu, mimi nikadhani wimbo ndio dawa. Miaka yote nilikuwa nawafukuza wadogo zangu kama ndege wa mpunga, nao wakalala.

Hapo nilikuwa bado sina hakika kama anayeongoza ni Mama. Wimbo ukaisha. Kikasikika kitoto kinalalamika:

"Mama, huyu muzungu ataenda lini? Minye niko na njaa."

Na mwanamke aliyekuwa anaongoza akajibu huku anacheka:

"Nyamaza weye Furaha, ataandika njaa yako mu kitabu."

Furaha ni mimi.

Na kweli aliiandika. Bruit d'enfant. Huo ndio mchango wangu katika elimu ya dunia.

Amani alirudisha pale mara nyingi sana. Wimbo aliuacha, alitaka ile sentensi tu. Mwisho akasema, "Kumbe Mama alikuwa muchekeshaji." Akafuta uso kwa mkono uliokuwa umeshika ndagala, tukapata sababu ya macho kuwa mekundu.

Sura haikuondolewa. Wimbo wa Mama umeingia kama wimbo wa kazi, na directeur akataka wa kwangu ubaki pia, ukurasa wake pembeni: "jinsi ulivyogeuzwa na dada mkubwa." Roho ya mto ikafutwa, kopo likaandikwa. Siku ya kutetea walinisimamisha ukumbini. Leo soko zima linaniita Mama Tamine.

Nilichojifunza, kama mwenye mzazi bado atanisikiliza: usimsahihishe ulimi. Siku moja hiyo R unayoicheka ndiyo itakuwa ufunguo, na utakuwa umeitupa.

Jambo la mwisho. Chini ya ile kaseti kuna mahali pa kuandikia marekebisho. Nikaandika bila kumwambia Amani: "Bonjour. Ile siyo kelele. Ni Furaha, alikuwa na njaa. Anayeimba ni mama yake."

Zikapita wiki. Kisha likaja jibu, na nikifungua ule ukurasa leo umebadilika: anayeimba: Mama Furaha; sauti ya mtoto: Furaha, binti yake.

Ila mimi nilichosoma mara kumi ni mwanzo wa barua yao. "Bonjour Madame."

Kumbe walikuwa wanasalimia.

Haya, na nyie mlijaziaje nyimbo za mama zenu? Semeni humu. Ila salimieni kwanza.